Damu ya Akiba

Mlezi wa Chama alipotutangazia gwarideni kwamba kila mwanachama wa kidato cha tatu aandike makala yenye somo ndani yake, wenzangu wengi walikimbilia ngeli, methali na historia ya Kiswahili. Mimi nilimwendea katibu nikamwambia nitaandika juu ya vidonge vya damu wanavyopewa akina mama wajawazito. Alicheka hadi akajishika mbavu. "Wewe mvulana mzima," akaniuliza, "mambo ya uja uzito yanakuhusu nini?" Sikumjibu siku ile. Jibu ndilo makala haya, na nakiri tangu mwanzo kwamba yametokana na kosa langu mwenyewe.

Sisi wanafunzi wa kutwa tuna mambo yetu ambayo wenzetu wa bweni hawayajui. Kabla ya kushika njia ya kuja shuleni tumekwisha kuteka maji, kukama ng'ombe na kuwasha moto. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Mumias, kazi ya kupika chai ya asubuhi ni yangu. Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori la masafa marefu, leo yuko Mombasa, kesho yuko Malaba, na mkewe, yaani shemeji yangu, anaishi nasi katika boma moja. Mwaka jana shemeji alipata mimba yake ya kwanza. Aliporudi kutoka kliniki na kijitabu cha afya ya mama na mtoto pamoja na pakiti ya vidonge vyekundu, mama aliniita jikoni akaniambia, "Wewe ndiwe unayeamka mapema kuliko wote. Kila siku mkumbushe mke wa kaka yako dawa yake. Usiniangushe."

Mama hakusema zaidi, lakini nilijua anamfikiria nani. Shangazi yangu, dada yake baba, alifariki siku aliyojifungua, kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani habari zake husemwa kwa maneno mawili tu: damu ilimwishia. Nilipokuwa mdogo nilidhani damu huisha kama mafuta ya taa yanavyoisha kwenye kibatari, na kwamba hakuna wa kulaumiwa ila giza. Sasa nimesoma kidogo, na ninaona kwamba jambo la kuuliza si damu kiasi gani ilitoka siku ile pekee, bali pia alikuwa na damu kiasi gani alipoingia kwenye uchungu.

Basi tuanze na damu yenyewe. Katika Biolojia ya kidato cha pili tulifundishwa kwamba ndani ya chembe nyekundu mna hemoglobini, na kwamba hemoglobini ndiyo hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Hemoglobini haitengenezwi bila madini ya chuma, kama vile chapati isivyopikwa bila unga. Kliniki hupima kwa tone la damu, na jibu huandikwa kwa gramu katika kila desilita. Kwa mama mjamzito mpaka uliowekwa ni 11 (katikati ya mimba ni 10.5). Akiwa chini ya hapo ana upungufu wa damu, au anemia kama inavyoitwa hospitalini, na akiwa chini ya 7 yumo hatarini kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wajawazito 37 hivi katika kila 100 duniani walikuwa na upungufu huo. Hiyo ni zaidi ya mmoja katika kila watatu.

Utaniuliza, mbona mwanamke aliyekuwa mzima wa afya apungukiwe na damu kwa sababu tu amehimili? Ni kwa kuwa mimba hubadilisha hesabu yote. Maji ya damu, yaani plazma, huongezeka upesi mno, hata damu yote kwa jumla ikazidi kwa karibu nusu ya ilivyokuwa. Chembe nyekundu nazo huongezeka, ila si kwa kiwango hicho. Ni kama wageni wanapofika ghafla na mpishi akaongeza maji kwenye mchuzi: sufuria inajaa, lakini vipande vya nyama viko mbalimbali. Wakati huohuo mtoto aliye tumboni anajitengenezea damu yake, na kondo la nyuma nalo linadai fungu lake.

Mwalimu wetu wa Biolojia alinipa tarakimu, nikazifanyia kazi ubaoni wakati wa chakula cha mchana huku wenzangu wakinipigia kelele. Mimba moja, tangu mwanzo hadi mwisho, hudai chuma kiasi cha miligramu 1000. Karibu 300 ni za mtoto na kondo, 500 hivi ni za kuongeza damu ya mama mwenyewe, na 200 hivi ni zile ambazo mwili wa kila mtu hupoteza kidogo kidogo kila siku. Gawanya 1000 kwa siku 280. Utapata miligramu tatu na nusu kwa siku. Lakini siku hazilingani. Miezi ya mwanzo hitaji ni dogo, na miezi ya mwisho hupanda hata likafika 6 au zaidi. Nacho chakula cha kawaida humpa mtu miligramu 1 au 2 tu za kufyonzwa kwa siku. Salio litoke wapi? Kwa mwenye akiba, litatoka kwenye akiba iliyowekwa katika ini na uboho wa mifupa. Tatizo ni kwamba wanawake wengi huanza mimba wakiwa na akiba ndogo, maana kila mwezi hedhi huichota, na huku kwetu malaria na minyoo nayo huichota.

Hapo ndipo kidonge kinapoingia. Kile kinachotolewa katika kliniki zetu kina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na humezwa kimoja kila siku, tangu mama anapofika kliniki mara ya kwanza hadi anapojifungua. Usibabaike ukiona pakiti nyingine imeandikwa miligramu 300 za salfeti ya chuma. Ni yaleyale, kwa kuwa katika miligramu 300 za chumvi hiyo chuma chenyewe ni 60. (Wana Kemia wanaweza kuhakikisha, ila wasisahau kuyahesabu yale maji ya fuwele, mimi niliyasahau mara ya kwanza.) Na mbona 60 ikiwa hitaji ni 6? Kwa sababu utumbo ni bahili. Hupokea sehemu ndogo tu ya kile kinacholetwa, na kinachobaki hupita, kikageuza choo kuwa cheusi.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Kila asubuhi saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa nikibisha mlango wa shemeji nikiwa na kikombe cha chai ya maziwa iliyokolea majani, na kidonge kimoja kando yake kwenye kisahani. "Shem, dawa." Anaweka mdomoni, anapiga mafunda mawili ya chai, nami naweka tiki kwenye kalenda iliyoning'inia ukutani. Tangu wiki ya 16 ya mimba hadi wiki ya 24 sikukosa hata siku moja. Tiki 56! Nilijiona daktari aliyebakiza koti jeupe tu.

Kipimo chake cha kwanza kilikuwa 11.2. Wiki ya 24 ilipotimia tulikuwa likizo ya Agosti, nikamsindikiza. Akapimwa. 9.6.

Sista aliyetuhudumia, mama wa makamo mwenye miwani, hakugomba wala hakupandisha sauti. Alimuuliza, "Mama, unameza kweli?" Shemeji akasema anameza. Nami kwa kiherehere changu nikadakia, "Sista, anameza. Mimi ni shahidi, nina tiki nyumbani." Akanitazama juu ya miwani.

"Anameza na nini?"

"Na chai, Sista."

"Chai gani?"

"Ya maziwa."

Akaiweka kalamu mezani. "Kijana, basi hiyo chai yako ndiyo inayomeza dawa, si shemeji yako."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Alitueleza kwamba majani ya chai yana tanini, na tanini ikikutana na chuma tumboni hushikana nacho, utumbo ukashindwa kukipokea. Maziwa nayo yana kalisi, ambayo huzuia chuma vilevile. Kahawa ni ndugu yake chai. Mtu anayekula ugali na mboga za majani kisha akateremshia kwa chai huweza kupoteza zaidi ya nusu ya chuma ambacho angekipata katika mlo huo. Na sisi, watu wa chai asubuhi, chai saa nne na chai saa kumi, tunadhani tunajenga mwili.

Njia aliyotupa ni rahisi. Kidonge kimezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, na chai isubiri kwa muda wa saa moja au zaidi. Chungwa, pera au maji ya ndimu yakiandamana nacho ni bora zaidi, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kupenya. Lakini mama anayechefukwa akimeza akiwa na njaa, na ameze usiku kabla ya kulala, hata kama ametia kitu kidogo tumboni. Atapoteza chuma kiasi fulani, ndiyo, lakini hicho kidogo kitakachokaa ni bora kuliko kingi kitakachotapikwa.

Aliposema neno hilo la kutapika, shemeji aliinamisha kichwa. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, na nadhani methali hiyo ilitungiwa chumba kama kile. Akaanza kueleza polepole, akitazama sakafu na si mimi. Vidonge vilimchoma tumbo na kumpa kichefuchefu cha mchana kutwa. Vilimfunga choo. Kisha siku moja akaona choo cheusi kama makaa, akadhani anavuja damu ndani kwa ndani, akaogopa kusema. Basi siku nyingine alikuwa akikificha kidonge chini ya ulimi mpaka nitoke. Tulipofika nyumbani alitoa kopo la zamani la kahawa chini ya kitanda tukavihesabu. Vilikuwa 19. Ondoa 19 katika tiki zangu 56, zinabaki siku 37, nazo zote zilikuwa siku za chai.

Sikumkasirikia, na nisingekuwa na haki ya kumkasirikia. Siku aliyopewa pakiti ya kwanza foleni ilikuwa imefika nje, na hakuna aliyemwambia kwamba choo cheusi si ugonjwa. Sentensi moja tu ingetosha! Tena mwezi mmoja kabla ya hapo, katika zahanati ambayo sitaitaja, tulikuwa tumeambiwa vidonge vimekwisha, tukavinunue duka la dawa, tukavinunua. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba wanawake hukataa dawa kwa ujinga, mimi humuuliza kwanza kama aliwahi kukaa kwenye benchi ile.

Kwa kuwa sasa damu ilikuwa imeshuka chini ya mpaka, kinga iligeuka kuwa tiba. Sista alimwandikia vidonge viwili kwa siku, yaani miligramu 120 za chuma, hadi kipimo kirudi panapostahili, ndipo ashuke tena kwenye kimoja. Alimpima malaria pia, akampa dawa ya minyoo. Safura ni mdudu mdogo anayepenyeza kwenye nyayo za mtu anayetembea peku, kisha akajining'iniza utumboni akinyonya damu. Ukimwaga chuma kwa juu huku safura ananyonya kwa chini, utajaza pipa lililotoboka. Malaria nayo hupasua chembe nyekundu zenyewe. Ndiyo maana katika kaunti zetu hizi za magharibi, kama ilivyo pwani, mama mjamzito hulala ndani ya chandarua na kupewa vidonge vya SP vya kukinga malaria anapokwenda kliniki. Na hapa kuna onyo ambalo nimeona wengi hawalijui. Kuna kidonge kingine cha foliki peke yake, chenye miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya kile cha kliniki. Kikimezwa pamoja na SP huipunguzia nguvu zake. Usimnunulie mtu dukani ukidhani unamwongezea baraka.

Asidi hiyo ya foliki ina kisa chake, na mimi hupenda visa. Mwaka 1928 daktari mmoja wa kike, Mwingereza aitwaye Lucy Wills, alikwenda Bombay, mji uitwao Mumbai siku hizi, kuchunguza anemia ya ajabu iliyowapata wanawake wajawazito, hasa maskini waliofanya kazi katika viwanda vya nguo. Chembe zao nyekundu zilikuwa chache lakini kubwa kupita kiasi. Alijaribu vyakula mbalimbali, akagundua kwamba Marmite, ule uji mzito mweusi unaotokana na hamira, uliwaponya. Alichapisha habari hiyo mwaka 1931 bila kujua ni kitu gani ndani ya Marmite kinachoponya. Mwaka 1941 wanasayansi huko Marekani walikipata kitu hicho katika majani ya spinachi, wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kwa hiyo nyanya zetu waliosisitiza mboga za majani hawakukosea. Foliki ina kazi nyingine ya haraka: humsaidia mtoto kufunga vizuri mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo, na mfereji huo hufungwa kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Siku hiyo mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Ndiyo maana wanaopanga kupata mtoto hushauriwa waanze foliki mapema, kabla ya mimba.

Nimetaja nyanya, na nyanya yangu mwenyewe alikuwa kikwazo kikubwa kuliko chai. Aliposikia kwamba sasa ni vidonge viwili alikuja na mkongojo wake hadi mlangoni. "Hivyo vitu hunenepesha mtoto," alisema. "Atakuwa jitu, atashindwa kutoka. Mnataka kumuua mke wa watu?" Nilimweleza, kwa heshima, kwamba vidonge havimfanyi mtoto kuwa jitu. Kazi yake ni kupunguza watoto wanaozaliwa wepesi mno, chini ya kilo 2.5, ambao ndio hutaabika. Hakunisikiliza. Mimi ni mtoto wa juzi, nitamfundisha nini mtu aliyezaa tisa? Mama yangu ndiye aliyemkalia karibu, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anakumbuka shangazi alivyokuwa katika mwezi wake wa mwisho. Nyanya alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Alikuwa akipumzika mara tatu kutoka mtoni hadi nyumbani. Tulisema ni uvivu wa mimba." Hakuna aliyeongeza neno. Tangu jioni ile nyanya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Amemeza?"

Ninaandika dalili hizo kama alivyozisema, kwa maana sijaona kitabu kilichozieleza vizuri zaidi: weupe wa viganja, kuhema kwenye mwinuko mdogo, kupumzika njiani. Ongeza kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na weupe wa ndani ya kope ukiivuta chini. Kisha kuna tamaa ya udongo. Sokoni kwetu huuzwa odowa, yale mawe laini ya udongo, na shemeji alikuwa akiyatafuna kama mtoto atafunavyo miwa. Tamaa hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, lakini udongo hautibu. Kinyume chake, huweza kukishika chuma tumboni na pengine kuleta mayai ya minyoo. Tulimpunguzia kidogo kidogo. Kumnyang'anya kwa nguvu kungemfanya afungue kopo jingine chini ya kitanda.

Kuhusu chakula sitasema mengi, kwani tumefundishwa tangu shule ya msingi. Nyama, samaki na dagaa hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kuliko cha mimea. Kunde, maharagwe, mgagani na mchicha ni vizuri, hasa vikikamuliwa ndimu juu yake. Uji wa wimbi uliochachushwa hushinda ule usiochachushwa, kwa sababu kuchacha huvunja vitu vinavyokishika chuma ndani ya nafaka. Tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani utiwe chuma na foliki, lakini mahindi tunayosaga kwenye posho mill ya kijijini hayana nyongeza hiyo. Na ile juisi nyekundu ya dukani ambayo kila jirani huja nayo, ati huongeza damu kwa vile ina rangi ya damu? Rangi si chuma. Hata hivyo usimfukuze jirani.

Jambo moja bado, nalo ni la hatari. Vidonge hivi vina ganda tamu na rangi ya peremende. Mtoto mdogo akimeza vingi huweza kufa, maana chuma kingi kwa mkupuo ni sumu. Lile kopo la kahawa chini ya kitanda lingeweza kuokotwa na mtoto wa jirani anayetambaa kila mahali. Vyetu sasa hukaa juu ya kabati, ndani ya mkebe wenye kifuniko kigumu ambacho hata mimi hunitoa jasho.

Basi, tulibadilisha ratiba. Kidonge kwa maji saa tatu usiku, cha pili alfajiri kwa maji ya ndimu, na chai yangu ikasogea hadi saa moja na nusu asubuhi, saa ambayo mimi tayari niko njiani na mama ndiye humpelekea. Wiki ya 29 kipimo kilikuwa 10.4. Wiki ya 36 kilikuwa 11.3. Nilikiandika kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, nikakizungushia duara.

Mapema Desemba, saa nane za usiku, uchungu ulimshika. Kaka alikuwa Mtito Andei. Jirani alitoa gari lake, mama akaketi nyuma na shemeji, mimi mbele na tochi. Alijifungua kulipokucha, mtoto wa kike, kilo 3.1. Tukashangilia barazani. Kisha mlango ukafungwa, tukaona wauguzi wawili wanakimbia, na mama yangu akaketi chini sakafuni bila kusema neno. Damu ilikuwa ikitoka na haikomi. Walimchoma sindano ya kukaza mji wa mimba, wakamtundikia maji ya mshipani, wakamkanda tumbo. Ilikoma. Baadaye daktari alisema amepoteza kama mililita 800.

Nilikaa kwenye benchi nikapiga hesabu nyuma ya kijitabu chake, kwa kuwa sikuwa na la kufanya na mikono ilikuwa ikitetemeka. Damu kama yake ilikuwa na chuma karibu miligramu 0.4 katika kila mililita. Mara 800 ni 320. Miligramu 320 asubuhi moja, zaidi ya fungu lote alilochukua mtoto na kondo kwa miezi tisa. Kesho yake walimpima wakapata 9.4. Hakuhitaji kuongezewa damu ya mtu mwingine. Daktari aliuliza alikuwa na ngapi kabla ya kujifungua, mama akamwonyesha kijitabu, akatikisa kichwa akasema, "Hii ndiyo iliyomsaidia." Nikakumbuka 9.6 ya Agosti, na tanini yangu, na nikatoka nje nikasimama kwenye ua kwa muda.

Nyanya alipompokea mjukuu alimtazama viganja kwanza. Kisha akampa jina la shangazi.

Shemeji aliruhusiwa kurudi nyumbani na pakiti nyingine, maana mama aliyejifungua huendelea kumeza kwa wiki 6 hadi 12 ili kujaza upya akiba iliyotoka. Kalenda ya mwaka huu ina tiki hadi mwisho wa Februari. Safari hii aliziweka mwenyewe, mimi niliulizwa nilete maji tu.